Mstari Uliolala: Hewa Ukaa na Viwanda vya Nyanda za Juu Kusini

Mwezi uliopita, katika semina ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, binti mmoja kutoka Ludewa alitundika ukutani grafu ya hewa ukaa inayotolewa na Tanzania kutokana na mafuta, gesi asilia, makaa ya mawe na saruji tangu mwaka 1950. Kwa nusu karne mstari wake ulikuwa umelala chini kabisa ya karatasi, kisha baada ya mwaka 2000 ukainua kichwa na kuanza kupanda. Kijana aliyekaa nyuma akasema kwa uhakika kwamba grafu hiyo inathibitisha jinsi wazee wetu walivyotunza mazingira na jinsi sisi tulivyoacha. Wenzake wakaitikia. Mimi sikuitikia, lakini kipindi kilikuwa kimekwisha na jibu nililompa lilikuwa fupi mno. Haya ndiyo marefu yake, na nitayaeleza kwa kufuata barabara ninayoijua kuliko zote, ile inayopanda Kitonga, ikapita Iringa, Mafinga, Makambako na Chimala hadi Mbeya.

Tuanze na hesabu yenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kupanda juu ya bomba la moshi pale Songwe mwaka 1985 akapima kilichotoka. Takwimu hizi za muda mrefu zilitengenezwa mezani, kwa sehemu kubwa katika kituo cha Oak Ridge kule Tennessee, Marekani. Wataalamu walichukua takwimu za Umoja wa Mataifa kuhusu mafuta na makaa ambayo kila nchi ilichimba, iliingiza na iliuza, wakaongeza tani za saruji zilizotengenezwa, kisha wakazidisha kwa kiasi cha kaboni kilichomo. Kwa miaka mingi walihesabu kwa tani za kaboni tupu, ambazo ili ziwe tani za hewa ukaa lazima zizidishwe kwa 3.67 hivi. Nimekwisha kusoma zaidi ya tasnifu moja ambayo mwandishi alichanganya vipimo hivyo viwili, akaigeuza nchi yake kuwa safi mara tatu na zaidi kuliko ilivyo. Jambo la pili ni kubwa zaidi: hesabu hii haiuoni mkaa wa miti, haizioni kuni, na haiuoni msitu uliofyekwa. Inaona tu kile kilichotoka kisimani, mgodini au kwenye tanuri la saruji. Msomaji aliweke hilo akilini, maana nitalirudia.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru hesabu yetu ilikuwa karibu yote ya mafuta. Mwaka 1966 kilianza kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, na mwaka huohuo kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, vyote Dar es Salaam. Huku kusini kulikuwa na chai ya Mufindi na Tukuyu iliyokaushwa kwa kuni, miwati ya Njombe, dhahabu ya Chunya iliyokwisha kupoa, na makaa kidogo ya Ilima, Rungwe. Wajerumani walijua mapema kwamba kaskazini mwa Ziwa Nyasa kuna makaa ya mawe. Mjiolojia Wilhelm Bornhardt alipita huko katika miaka ya 1890. Lakini kujua kwamba makaa yapo si sawa na kuwa na mtu wa kuyanunua, na kwa miaka tisini hakukuwa na mnunuzi mkubwa karibu.

Kilichobadilisha Nyanda za Juu Kusini hakikuanzia Nyanda za Juu Kusini. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia yake ya mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa ya petroli kutoka Dar es Salaam kwenda Ndola kupitia Iringa na Mbeya, kwenye barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliifananisha na Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 hivi, likaanza kusukuma mafuta ardhini. Likaja lami, na kati ya mwaka 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA. Kwa muda wa miaka kumi, mikoa ambayo wakoloni waliiona kuwa shamba la kuchukulia vibarua ikawa ukanda wa usafiri wa nchi mbili. Na hapa grafu inatufundisha jambo moja la ajabu. Mafuta yaliyopita chini ya mashamba ya mahindi ya Iringa kwa miaka na miaka hayamo kwenye mstari wetu. Yameandikwa Zambia, yalikochomwa. Hesabu ya hewa ukaa humfuata anayewasha kiberiti.

Ukanda huo ndio uliowapa wapangaji wetu ujasiri wa miaka ya 1970. Mkakati wa Viwanda vya Msingi, uliotangazwa kwa ajili ya kipindi cha mwaka 1975 hadi 1995, ulikuwa na mantiki ambayo hata leo naona vigumu kuibeza. Nchi itumie malighafi yake kuzalisha vitu vyake vya msingi: saruji, karatasi, chuma, nguo, zana za kilimo, na itumie nishati yake yenyewe. Ukitazama ramani, mantiki hiyo inasimama kwa miguu yake katika mikoa ya Mbeya na Iringa ya wakati huo. Songwe kuna mawe ya chokaa. Sao Hill kuna misonobari iliyopandwa kwa wingi katika miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia. Kiwira kuna makaa. Ludewa kuna makaa mengine na chuma. Reli inapita karibu na baadhi yake. Hayo hayakuwa mawazo ya wendawazimu.

Kiwanda cha saruji cha Mbeya kilianza uzalishaji mwaka 1983 kikiwa na uwezo wa tani 250,000 kwa mwaka. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa tani 60,000, kiasi ambacho soko la ndani la wakati ule lisingeweza kukimeza. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulifunguliwa mwaka 1988 ukiwa na uwezo wa tani 150,000 za makaa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Wateja wake waliokusudiwa ni haohao majirani: tanuri la saruji na mabirika ya mvuke ya kiwanda cha karatasi. Kwenye karatasi za mipango ilikuwa familia moja, mmoja akimlisha mwenzake.

Nani alitarajia kwamba familia hiyo ingezaliwa wakati wa njaa? Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Viwanda vilivyochorwa wakati wa matumaini vilifunguliwa wakati ambapo hata vipuri vya lori vilikuwa shida. Mashine zilisimama kwa kukosa mkanda mmoja, mota moja, pipa moja la kemikali. Mwaka 1986 serikali ikasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa, na tangu hapo kila kiwanda cha umma kikawa kinasubiri hukumu yake.

Sasa turudi kwenye mstari uliolala. Sensa ya mwaka 1978 ilitukuta watu milioni 17.5, ile ya mwaka 2002 ilitukuta milioni 34.4. Watu waliongezeka karibu mara mbili, lakini mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa bado inatoa chini ya tani milioni 3 za hewa ukaa kutokana na mafuta, makaa na saruji. Mgao wa kila Mtanzania haukukua; ulipungua. Ukisoma namba hiyo ukiwa Stockholm unaweza kuiita mafanikio ya mazingira. Ukiisoma ukiwa Mgololo, unakumbuka kwamba katika miaka ya 1990 kiwanda kilinyamaza, nyumba za wafanyakazi zikabaki na watu wasio na mshahara, na mji uliojengwa katikati ya misitu kwa ajili ya kiwanda kimoja ukaanza kuota majani. Ukimya wa bomba la moshi haukutokana na uamuzi wa mtu yeyote wa kulinda anga. Ulitokana na ufukara. Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa nyuma ni hili: wazee wetu hawakukataa moshi. Waliutaka sana, wakakopa ili waupate, na hawakuupata.

Nasema hivi bila kuwatakasa. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kikubwa kupita kiasi, na wapo waliosema hivyo mapema wakapuuzwa. Lakini kuna tofauti kati ya kosa la kipimo na kosa la nia, na wanahistoria wa uchumi wetu mara nyingi wameyaweka yote mawili katika kapu moja.

Ubinafsishaji ulikuja na hatima tofauti kwa kila mwanafamilia. Kiwanda cha saruji kiliingia katika himaya ya kampuni ya Kifaransa Lafarge, baadaye LafargeHolcim, na hivi karibuni kikanunuliwa na kundi la Kitanzania la Amsons. Tanuri lake liliendelea kuwaka na mifuko yenye picha ya tembo ikaendelea kuonekana hadi Malawi na Zambia. Kiwanda cha karatasi kiliuzwa mwaka 2004 kwa wawekezaji kutoka Kenya kikaamka, kikitengeneza zaidi karatasi ngumu za vifungashio kuliko zile za daftari zilizoota ndotoni mwa wapangaji. Kiwira ndiyo iliyopata tabu kuliko wote. Mwaka 2005 iliingia mikononi mwa kampuni binafsi, yakafuata malumbano makali bungeni kuhusu wamiliki wake halisi, uzalishaji ukasimama kwa miaka mingi, hadi mgodi uliporudi kwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO.

Wakati viwanda vinalala, mstari ulianza kusukumwa na kitu kingine kabisa, nacho ni maji.

Watu wengi hudhani kwamba umeme wa maji na hewa ukaa ni mada mbili tofauti. Katika nchi yetu ni mada moja. Kidatu, megawati 204, ilianza mwaka 1975; Mtera, megawati 80, ikafuata mwaka 1988; zote mbili zinategemea Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu unalishwa na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Mbeya na Njombe na kukusanyika katika bonde la Usangu kabla ya kupita kwenye Ihefu na kuingia Iringa. Mwaka 1992 na tena mwaka 1994 mabwawa yalikauka, na taifa likajifunza neno mgawo. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika kabisa ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi, jambo ambalo wazee wa Pawaga hawakulizoea. Serikali iliyokuwa na giza ikatafuta mitambo ya kuchoma mafuta. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995 ulizaliwa katika hofu hiyo. Songas ikaleta gesi ya Songo Songo mwaka 2004. Ukame wa mwaka 2006 ukaleta Richmond, na Richmond ikaondoka na Waziri Mkuu mwezi Februari 2008. Siasa zetu za miaka ishirini zinaweza kuandikwa upya kama historia ya kina cha maji pale Mtera. Kila bwawa liliposhuka, mstari wa hewa ukaa ulipanda, na pamoja nao deni.

Swali la kisiasa lilikuwa ni nani aliyekausha mto. Jibu lililopendwa na wengi lilikuwa wafugaji wa Usangu. Mwaka 2006 na 2007 familia za wafugaji ziliondolewa kwa nguvu Ihefu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 bonde likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watafiti waliochunguza kwa makini, akiwemo mwanaanthropolojia Martin Walsh, wameonyesha kwamba hofu ile ilikuwa na historia iliyofichwa: mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, yaliyoanzishwa kwa sera ya taifa, na mifereji inayotoa maji mtoni hata wakati wa kiangazi, vilihusika kwa kiwango ambacho ng'ombe hawakufikia. Aidha, namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilikuwa sehemu ya tatizo. Mfugaji wa Kisukuma aliyetembea na ng'ombe waliosalia kuelekea Lindi hakuwa na nafasi ya kusema lolote katika mjadala wa nishati ya taifa, ingawa ndiye aliyelipa bili yake ya kwanza.

Baada ya mwaka 2000 uchumi ulianza kukua kweli, na mstari ukakua nao. Kufikia katikati ya muongo wa 2010 ulikuwa umevuka tani milioni 10. Gesi ilichangia, petroli na dizeli za magari zilichangia zaidi, na saruji ikarudi kwa kishindo. Watu walijenga. Nenda Uyole au Mbalizi leo ukalinganishe na unavyopakumbuka miaka ishirini iliyopita. Tofauti hiyo ya matofali ya saruji ndiyo sehemu ya mstari unaopanda.

Kuhusu saruji inafaa nifafanue kidogo, kwa kuwa hata wasomi hulipita jambo hili. Tanuri la saruji hutoa hewa ukaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mafuta au makaa yanayochomwa ili kupata joto. Ya pili ni ya jiwe lenyewe: jiwe la chokaa likipashwa joto kali huachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na kila tani ya klinka hutoa kwa njia hii peke yake karibu nusu tani. Hata ukiwasha tanuri kwa upepo au jua, jiwe litatoa sehemu yake. Na jiwe la Songwe lina hadithi yake. Sehemu kubwa ya chokaa ya bonde lile iliwekwa na chemchemi za maji moto, maji yaliyopanda kutoka chini yakiwa yamejaa hewa ukaa ya volkano, yakaacha tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Ardhi iliitoa hewa hiyo, maji yakaifunga katika jiwe, na tanuri linaifungua tena.

Wenyeji wa Rungwe wanaijua hewa hiyo kuliko sisi wenye shahada. Katika miteremko ya Kyejo kuna mahali ambapo ndege na wanyama wadogo hufia kwenye mabonde madogo yasiyo na moshi wala harufu. Ndugu zetu wa Goma huita mahali kama hapo mazuku. Kampuni ya TOL huivuna hewa ukaa hiyo ya asili kutoka kwenye visima vya huko na kuwauzia watengenezaji wa vinywaji. Kwa hiyo mapovu ya soda unayokunywa pale stendi ya Nane Nane yanaweza kuwa yametoka chini ya migomba ya Busokelo. Sijui mkaguzi wa hewa ukaa angeyaandika katika safu gani, na nimewahi kuwapa wanafunzi swali hilo katika mtihani. Wengi walilikimbia.

Viwanda vya pwani vilipata gesi. Wazo Hill iliunganishwa na bomba la Songo Songo. Huku juu tulibaki na makaa. Kwa muda viwanda vingi vya saruji nchini viliona ni nafuu kuleta makaa kutoka Afrika Kusini kwa meli kuliko kuyatoa Mbinga kwa lori. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku uingizaji huo, na mgodi wa Ngaka, uliokuwa umeanza kuchimbwa mwaka 2011, ukapata soko la lazima. Tangu hapo foleni za malori ya makaa kati ya Songea, Njombe na Makambako zimekuwa sehemu ya mandhari. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, wanunuzi wa Ulaya, walewale ambao wajumbe wao walikuwa wametuhutubia kuhusu kuachana na makaa, walianza kutafuta makaa yetu kupitia bandari ya Mtwara. Sikushangaa. Lakini niliikata habari hiyo gazetini nikaiweka, kwa sababu iko siku itafaa darasani.

Hapa ndipo narudi kwenye kile ambacho hesabu haikioni. Sehemu kubwa sana ya nishati inayotumika nchini bado ni kuni na mkaa. Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilikadiria kwamba tulikuwa tukipoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Hewa ukaa inayotokana na upotevu huo inaizidi mbali ile ya viwanda na magari yetu yote. Kwa maneno mengine, grafu ya binti wa Ludewa ilikuwa sahihi na wakati huohuo ilificha sehemu kubwa zaidi ya ukweli. Wakati tanuri la Songwe linasuasua na Mgololo umekufa, katika miaka ya 1990, miti ilikuwa ikiendelea kugeuzwa mkaa katika miombo ya Chunya na Iringa, bila nukta moja kusogea kwenye mstari ule.

Tazama sasa kinachofanyika. Serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu wengi, zikiwemo shule na magereza, ziache kuni na mkaa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya kaya ziwe zimehama kufikia mwaka 2034. Zihamie wapi? Nyingi zitahamia gesi ya mitungi, inayoagizwa kutoka nje. Baadhi zinahamia mkaa mbadala wa STAMICO, uliopewa jina la Rafiki, unaotengenezwa kwa makaa ya mawe ya Kiwira. Mimi naunga mkono hatua ya kumtoa mama kwenye moshi wa kuni. Mapafu yake hayajui siasa. Lakini tuelewe matokeo ya kitakwimu. Kila kaya inayoacha mkaa wa miti na kuwasha gesi au makaa ya mawe inahama kutoka kwenye safu isiyoonekana na kuingia kwenye safu inayoonekana. Msitu unaweza kupona na mstari ukapanda kwa pamoja. Siku hiyo mtu atatundika grafu katika mkutano wa kimataifa na kutuambia kwamba tumekuwa wachafuzi, na wajumbe wetu wasipojua historia ya namba zao watainamisha vichwa.

Upande wa pili wa daftari uko Mufindi na Kilolo, ambako wanakijiji wenyewe wamegeuka wapanda misonobari. Kwa mwalimu au mfanyabiashara wa huko, ekari mbili za miti ni kama pensheni. Kampuni ya Kinorwei, Green Resources, ilipanda misitu Uchindile na Mapanda ikauza hati za hewa ukaa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa Ulaya. Mwaka 2022 Tanzania ikatunga kanuni zake za biashara ya kaboni, na tangu hapo kila wilaya ina mgeni mwenye mkoba anayetaka kuzungumza na kijiji kuhusu hewa. Nina shaka nayo biashara hii. Msonobari uliopandwa ili ukatwe baada ya miaka 20 unahifadhi kaboni kwa muda wa mkopo wa nyumba tu, na nyasi za nyanda za juu zilizofunikwa nao zilikuwa na vyanzo vya maji vilivyolisha mito ileile niliyoizungumzia hapo juu. Hata hivyo nimeona nyumba za bati na ada za shule zilizolipwa na miti, na siwezi kujifanya sikuziona.

Kipindi kilipokwisha, binti wa Ludewa alibaki. Kwao si mbali na Nkomang'ombe, karibu na makaa ya Mchuchuma. Akaniuliza: "Mwalimu, wakisema makaa yale yabaki ardhini, sisi tutapewa nini?"

Tulichukua kalamu. Mchuchuma ina makadirio yanayotajwa siku zote ya tani milioni 428 za makaa. Liganga, tani milioni 126 za chuma. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo ya Taifa liliingia ubia na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda kwa mradi wa dola bilioni 3 wa mgodi, kiwanda cha chuma na umeme wa makaa megawati 600. Mtambo wa ukubwa huo ukifanya kazi vizuri ungetoa tani milioni 3 hadi 4 za hewa ukaa kwa mwaka: zaidi ya nchi nzima ilivyotoa mwaka 2000. Hilo si dogo, na anayesema ni dogo anadanganya. Kisha tukageuza karatasi. Makaa yote ya Mchuchuma yakichomwa hadi jiwe la mwisho yatatoa, kwa makisio ya tani mbili kwa kila tani moja, chini kidogo ya tani milioni 900. Dunia hutoa takriban tani bilioni 37 kila mwaka. Kwa hiyo Mchuchuma nzima ni sawa na siku tisa hivi za kawaida za dunia. Na vyote vinavyochomwa Tanzania kwa mwaka mmoja, magari, mitambo na matanuri, dunia huvitoa kwa saa tatu au nne.

Alizitazama namba hizo kwa muda. Akasema kwamba siku tisa za dunia zimewagharimu watu wa kwao miaka. Alikuwa na haki. Wananchi wa Mundindi na Nkomang'ombe walizuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mradi; walifanyiwa tathmini, wakangoja fidia, na malipo yakaanza mwaka 2023. Katika muda wote huo makaa yalibaki ardhini, na hakuna aliyewalipa kwa kuyaacha huko, wala hakuna mgeni mwenye mkoba aliyekuja kuwaandikia hati kwa tani ambazo hazikuchomwa. Mpango wetu wa taifa chini ya Mkataba wa Paris umeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ukilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua hizo. Ahadi hiyo inapimwa dhidi ya mstari wa kufikirika, mstari wa viwanda ambavyo vingejengwa. Mgololo na Mchuchuma zinaufahamu mstari huo vizuri. Zimeishi ndani yake kwa miaka arobaini.

Mimi binafsi ningependa chuma cha Liganga kiyeyushwe, na ningependa kiyeyushwe kwa umeme wa Rufiji kadiri inavyowezekana, maana bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limebadilisha hesabu ambayo mwaka 2011 ilionekana haina njia nyingine. Hata hivyo Rufiji nayo hupokea maji ya Ruaha, na Ruaha huanzia kwenye milima ileile ya Mbeya na Njombe. Mwanafunzi anayetaka kuelewa hewa ukaa ya Tanzania lazima aelewe mifereji ya mpunga ya Igurusi.

Nimewagawia kazi ya likizo. Kikundi kimoja kitakwenda Songwe kuwahoji wastaafu waliowasha tanuri la kwanza, kingine Mgololo, kingine kitakaa na wachoma mkaa wa Chunya na kuhesabu magunia. Binti wa Ludewa ameomba aandike tasnifu yake kuhusu miaka ambayo vijiji vile viwili vilisubiri. Nimemshauri aanze na madaftari ya mihtasari ya vikao vya kijiji, mwaka kwa mwaka, na grafu aiweke mezani mwishoni.